Sukari ikishuka, hasira zinapanda: maswali ya wazazi wenye watoto wa kisukari

Haya maswali nayasikia kila siku toka kwa wazazi wenzangu, mengine nilikuwa nayauliza mimi mwenyewe miaka saba iliyopita, mwanangu alipogundulika na kisukari aina ya 1 akiwa na miaka minne. Mimi sio daktari. Kwenye dozi na vipimo msikilize anayemtibu mtoto wako. Haya mengine ya vilio, kununa na kurushiana maneno, hapo ndo nina uzoefu.

## Mambo ya mwanzo

Sukari "imeshuka" ikifika ngapi?

Chini ya 3.9 (milimoli kwa lita ya damu, namba zangu zote hapa ni za kipimo hicho) hapo unatakiwa uchukue hatua, na kama mashine yako ya kupimia sukari inasoma kwa miligramu basi namba yako ni 70. Ikienda chini ya 3.0 (yaani 54) hiyo ni kushuka kubaya, ubongo wenyewe unaanza kukosa chakula. Halafu kuna kushuka kukali kabisa, huko hatuangalii tena namba, tunaangalia hali: mtoto kachanganyikiwa au kazimia kiasi kwamba hawezi kujisaidia.

Ila namba haikwambii mtoto ataonekanaje. Kuna wa 3.6 analia kama kafiwa na kuna wa 2.7 kakaa anapaka rangi kitabu chake wala hana habari.

Kwani kisukari si sukari kuwa juu? Inashukaje tena?

Inashushwa na dawa. Insulini ukishaichoma haijui kama mtoto kala au kagoma kula, haijui kama leo kakimbia uwanjani kwa masaa mawili, yenyewe inafanya kazi yake tu. Kwa hiyo dozi ikizidi chakula, au mlo ukichelewa, au michezo ikizidi, sukari inashuka. Ni kitu cha kawaida kwa mtoto yeyote anayetumia insulini, haimaanishi wewe ni mzazi mzembe.

Mbona ikishuka anakuwa kama mtoto wa mtu mwingine?

Vitu viwili vinatokea kwa pamoja. Cha kwanza mwili unashtuka na kumwaga adrenalini, ile ile inayotoka ukikurupushwa na mbwa gizani, moyo unaenda mbio, jasho, mikono inatetemeka. Sasa mtoto anasikia hofu mwilini na hamna mbwa, kwa hiyo kichwa kinatafuta cha kukilaumu, na kilicho karibu ni wewe, au mdogo wake, au sahani.

Cha pili, ubongo unaishi kwa glukosi (hiyo sukari ya kwenye damu) na hauna ghala la maana la kuihifadhi, ikipungua kwenye damu unaumia haraka. Uvumilivu, kufikiri kabla ya kutenda, kupata neno sahihi la kusema, hivyo ndo vinaanza kuyumba mapema. Ukijumlisha una mtoto mwenye woga wa mwili mzima na hana breki. Hapo hata mtu mzima anagombana na mlango.

Dalili zenyewe za kihisia zikoje?

Zile wanazozijua wote ni kulia bila sababu, ukali, ubishi, kununa, kung'ang'ania kitu kidogo mpaka unashangaa. Wengine wanapata wasiwasi, anakuganda hataki uende hata jikoni. Ila wazazi wengi wanasahau upande wa pili: kuna mtoto sukari ikishuka anacheka cheka ovyo, anachangamka kupita kiasi, anaongea upuuzi, nyumba nzima mnacheka naye kumbe yuko 2.9. Na kuna wanaonyamaza tu wanakaa pembeni macho yameganda, hawa nawaogopa zaidi maana hawasumbui mtu.

Kwa watoto wadogo mabadiliko ya tabia mara nyingi ndo dalili ya kwanza unayoiona, hata kabla ya jasho. Wangu ilikuwa soksi. Asubuhi moja nimemvalisha akasema mshono wa soksi umekaa vibaya, nikarekebisha, vibaya, nikageuza, vibaya, nikaleta nyingine akazitupa ukutani na kujibwaga chini analia anasema simpendi na sijawahi kumpenda. Nikapima: 2.8. Baada ya juisi akavaa zile zile soksi za kwanza, kimya, akaniuliza kwa nini nalia.

Toka siku hiyo nyumbani kwetu tunasema "ana soksi" na kila mtu anajua maana yake. Kila mtoto ana soksi yake, yaani dalili yake inayojirudia, ukiiandika mahali kwa wiki chache utaiona.

Wangu bado mchanga, haongei, ntajuaje?

Kilio kisicho cha kawaida yake, kulegea, kupauka, kukataa kunyonya au kula, usingizi wa saa isiyo yake, jasho kichwani. Kwa umri huu usisubiri uhakika, ukihisi tu pima.

## Hapo hapo inapotokea

Ntatofautishaje sukari na utundu wa kawaida?

Kwa macho huwezi, hata mimi baada ya miaka saba nakosea. Pima. Tena sukari ikipanda nayo inaleta ukali na kununa, kwa hiyo ukimpa juisi kwa kubahatisha unaweza kumpandisha ambaye tayari yuko 17.

Kuna hali moja tu ya kutibu bila kupima: dalili zipo na mashine haipo, au stripu (vile vikaratasi vya kupimia) zimeisha. Hapo mpe sukari kwanza, maana kupanda kwa muda kidogo kunavumilika na kushuka hakusubiri. Kama anatumia sensa (kile kifaa kinachobandikwa kwenye ngozi kusoma sukari muda wote) kumbuka inasoma majimaji ya chini ya ngozi na sio damu, sukari ikishuka kwa kasi sensa inachelewa dakika kadhaa. Sensa inasema 4.6 na mtoto anarusha viatu? Toboa kidole.

Nifanye nini kwanza, nimtulize au nimpe sukari?

Sukari. Hakuna maneno ya kumtuliza yatakayoingia kwenye ubongo wenye njaa, na kila swali unalomuuliza ("una nini? nani kakuudhi?") ni mzigo mwingine. Sentensi fupi, sauti ya chini, "kunywa hii, niko hapa", basi.

Kiasi kinachotumika sana kwa watoto ni gramu 0.3 za sukari kwa kila kilo ya uzito. Mtoto wa kilo 20 ni gramu 6, yaani kama kijiko kimoja cha chai na nusu cha sukari ya mezani iliyokorogwa kwenye maji, au juisi kama mililita 60. Wa kilo 50 ndo anafika zile gramu 15 unazozisikia kila mahali, hizo ni za watu wazima, na wengi wetu tumewapandisha watoto mpaka mawinguni kwa sababu hiyo. Vidonge vya glukosi au soda yenye sukari vinafaa pia. Chokoleti na aiskrimu hapana, mafuta yake yanachelewesha sukari kuingia.

Subiri dakika 15, pima tena, kama bado iko chini rudia. Ikishapanda na mlo bado uko mbali muulize daktari wako kama umpe na kitu kidogo chenye wanga, inategemea na insulini anayotumia.

Anakataa kunywa, anapiga teke kikombe.

Hii naijua vizuri, kuta zangu zina madoa. Kukataa ni sehemu ya dalili kwa hiyo usiingie kwenye mabishano ya nani mkubwa hapa. Mpe machaguo mawili tu, "mrija au kikombe?", usimuulize anataka au hataki. Punguza watu chumbani. Mtu anayekubalika zaidi siku hiyo ndo ampe, mwangu kuna siku alikuwa anakubali kwa dada yake tu.

Kama anameza vizuri ila hataki kikombe, unaweza kumpaka jeli ya glukosi au asali ndani ya shavu kidogo kidogo (asali usimpe mtoto wa chini ya mwaka mmoja). Akianza kusinzia au hamezi vizuri acha kabisa habari za mdomoni, nenda swali linalofuata.

Akizimia au akipata degedege?

Usimtie kitu chochote mdomoni, atapaliwa. Mlaze ubavu, mchome glukagoni (dawa ya dharura ya kupandisha sukari) kama mnayo, ita gari la wagonjwa au mkimbize hospitali. Glukagoni ya sindano kwa kawaida ni nusu miligramu kwa mtoto wa chini ya kilo 25 na miligramu 1 kwa aliyezidi hapo, ila dozi ya mwanao muulize daktari leo ukiwa umetulia na uiandike kwenye boksi kwa kalamu nene. Akiamka anaweza kutapika, ndo maana ubavu.

Na kihisia: akizinduka atakuwa kachanganyikiwa, anaogopa, pengine analia hataki kuguswa. Mtajie jina lake, mwambie yuko wapi na nani yuko naye. Maswali baadaye.

Sukari imerudi 5.8 lakini bado analia na kugomba. Ananifanyia makusudi?

Hapana. Namba inarudi kabla ya kichwa. Ubongo unahitaji kama nusu saa mpaka saa nzima baada ya sukari kupanda ndo ukae sawa, na adrenalini nayo haipotei mara moja. Muda huo anachoka, anaumwa kichwa, anasikia baridi kwa lile jasho. Blanketi, kimya, na wewe ukae karibu. Hesabu za shule zisubiri.

## Adhabu, aibu na visingizio

Kamng'ata mdogo wake sukari ikiwa chini. Namwadhibu?

Wakati ule, hapana, ni kama kumchapa mtu kwa kuweweseka na homa. Lakini pia usilifute tendo kana kwamba halikutokea, maana mdogo mtu meno yameingia kwake na yeye hajui mambo ya glukosi. Sisi tunafanya hivi: sukari ikishakaa sawa na kile kipindi cha nusu saa kimepita, tunakaa, namwambia "ulimng'ata, nadhani hukutaka, ila kaumia", na anakwenda kusema pole na kusaidia kuweka barafu. Pole ya kilichotokea, sio adhabu ya kosa. Watoto wanaelewa hiyo tofauti kuliko tunavyodhani.

Mbona anasema hakumbuki? Anadanganya?

Inawezekana kabisa hakumbuki, au anakumbuka vipande vipande, hasa ikiwa ilishuka sana. Usimsomee orodha ya aliyoyatamka. Wangu aliwahi kuniambia ni kama mtu anakuonyesha video yako ukiwa mlevi (na hata pombe haijui, sijui kaitoa wapi), aibu tupu. Mwambie kwa ufupi, na lile "sikupendi" ulizike moyoni mwako.

Amejua kusingizia. Akitaka pipi au kukwepa kazi anasema sukari imeshuka.

Karibu wote wanapitia hapo. Dawa yake ni moja na haina ugomvi: kila akisema, mnapima, bila kejeli. Ikiwa chini anatibiwa, ikiwa sawa unasema "haya, iko 7, turudi kwenye vyombo". Baada ya wiki mbili kusingizia kunakosa faida. Ukianza kumwita mwongo ipo siku atakuwa 2.5 na ataogopa kukwambia. Pia kuna anayesikia dalili za kweli na namba iko juu, soma chini kwenye maswali magumu.

Na ukiona kila mara anatibiwa kwa kitu anachokipenda sana, badilisha. Vidonge vya glukosi havina mtoto anayevipenda kivile.

Nilimfokea, nikamchapa, ndo nikapima nikakuta 2.4. Najisikia vibaya mpaka leo.

Mwenzangu, hata mimi. Muombe msamaha kwa maneno yanayoeleweka, "nilikosea, sikupima, nilidhani ni ubishi", mtoto wa miaka mitano anaielewa hiyo sentensi vizuri tu. Halafu weka mashine mahali ambapo hasira zako zitakutana nayo. Yangu iko kwenye mfuko wa aproni.

Kijana wangu wa miaka 14 kila akikasirika nikimwambia "pima" anabamiza mlango.

Na ana haki, hapa mtanisamehe wazazi wenzangu. Fikiria kila ukilalamika mumeo akuulize kama uko kwenye siku zako. Huyu mtoto ana hasira zake za halali, kakatazwa simu, kaonewa na rafiki, kachoka kuishi na sindano, na kila akifungua mdomo tunaugeuza kuwa namba. Akiona hisia zake zote zinaitwa sukari ataacha kuzileta kwako.

Mkubaliane siku ya amani: neno moja au ishara, isemwe mara moja, na akishapima ikawa iko sawa basi wewe unakaa na kusikiliza alichokasirikia mpaka mwisho. Hilo la pili ndo sisi wazazi tunaliruka, na ndo linafanya lile la kwanza likubalike.

## Usiku, shule na michezo

Anaota ndoto za kutisha, anaamka analia kalowa jasho. Ni sukari?

Inaweza kuwa. Ndoto mbaya, kupiga kelele usingizini, kuamka na kichwa kinauma au hasira zisizoelezeka asubuhi, vyote vinaendana na kushuka usiku. Pima saa anayoamka, na siku chache weka alamu katikati ya usiku upime. Usiku unaofuata mchana wa michezo mizito uangalie zaidi, kwa sababu misuli inaendelea kuvuta sukari masaa mengi baadaye, hata mpaka siku ya pili yake, kwa hiyo mechi ya jioni inakuja kulipwa saa tisa za usiku.

Anayetumia sensa ajue akiilalia inaweza kusoma chini kwa uongo na alamu ikalia. Kidole kitaamua.

Mwalimu anasema ni mkorofi, ila vipindi vya mwisho kabla ya chakula tu.

Mwalimu kakupa jibu bila kujua, hiyo "kabla ya chakula" ndo ya kushika. Omba mtoto apimwe saa hiyo kwa siku tano, upeleke namba kwa daktari, yawezekana dozi ya asubuhi ni kubwa. Shule iwe na karatasi moja tu, isizidi, yenye dalili za mtoto wako mwenyewe (soksi yake), apewe nini na kiasi gani, na nani apigiwe simu. Na andika kwa herufi kubwa: ASITUMWE PEKE YAKE kwenda kwa nesi au ofisini. Wangu alitumwa peke yake akakutwa amekaa kwenye ngazi hajui anaenda wapi.

Mtihani je?

Apime kabla, awe na glukosi mezani, na ikishuka katikati apewe muda wa kukaa sawa, ile nusu saa mpaka saa nzima. Liombe hili mapema kwa maandishi, siku ya mtihani hakuna wa kukusikiliza.

## Maswali magumu

Anatetemeka, anaogopa, lakini mashine inasoma 6.

Mwili wake umezoea kukaa juu. Mtoto aliyeishi na 15 wiki nzima akishuka haraka mpaka 6 mwili unapiga kengele kana kwamba imeshuka kweli. Dalili ni za kweli, hatari hamna. Mtulize, rudia kupima baada ya dakika chache kuona kama inaendelea kushuka, usimjaze sukari. Zinapungua mwili ukizoea namba za chini.

Siku hizi haonyeshi chochote, hata hasira hamna, nakuta 2.6 kwa bahati tu. Si nafuu?

Si nafuu hata kidogo. Akishuka mara kwa mara mwili unachoka kupiga ile kengele ya adrenalini, dalili zinafutika, na mtoto anaweza kutoka kucheza moja kwa moja mpaka kuzimia. Mwone daktari wiki hii, usingoje tarehe ya kliniki. Habari njema ni kwamba wakikwepa kushuka kwa wiki kadhaa dalili mara nyingi zinarudi. Nilifurahi siku soksi ziliporuka tena, sikudhani ningesema hivyo.

Toka azimie anaogopa kushuka, anakula ovyo kabla ya kulala, anakataa sindano.

Woga huo una mantiki, usimwambie aache ujinga. Mpe vitu vya kushika: glukosi chini ya mto, mpango ulioandikwa wa nani ataamka, alamu mkiiweka pamoja. Lakini akiwa anaruka insulini au anajipandisha makusudi hilo mwambie daktari wazi kabisa, na omba mshauri wa kisaikolojia, kukosa insulini kunaleta hatari nyingine kubwa. Vile vile kama ana huzuni ya wiki mbili na zaidi ambayo haifuati namba, halali, hataki marafiki, au anataja kufa, hapo usipime sukari ukaishia hapo, tafuta msaada siku hiyo hiyo.

Anayeogopa ni mimi. Namwacha akae 12 kila usiku ili nilale.

Wengi tunafanya na hatusemi. Hapa sikupi somo, ila mwambie daktari ukweli, kwa sababu yeye akiona 12 kwenye rekodi ataongeza dozi bila kujua wewe ndo unaishikilia hapo, na siku utakapoacha kuishikilia atashuka vibaya.

Kushuka huku kutamharibu tabia au akili moja kwa moja?

Kushuka kwa kawaida kunakotibiwa haraka hakumgeuzi mtoto kuwa mkali wa kudumu, hasira zinaondoka na sukari ikirudi. Kinachotia wasiwasi ni kushuka kukali kwa kujirudia, degedege na kuzimia, hasa kwa walio wadogo sana ambao ubongo bado unajengeka. Ikitokea hata mara moja, dozi zote zipitiwe upya.

Dada yake anasema tunampendelea, akikosea anapewa juisi.

Kwa macho ya mtoto wa miaka tisa ndo ilivyo, hana kosa. Tulimfundisha kupima, tukamruhusu kuuliza chochote kliniki, na siku ya Jumamosi ana saa moja ya kwake na mimi ambayo mashine inabaki kwa baba. Hajaacha kulalamika. Juzi kaka yake kamvunjia rula, nikasikia toka chumbani: "Leta kidole kwanza. Kama iko sawa nakugombeza."

Ilikuwa 6.3. Akamgombeza.